Mashati Matano kwenye Nguzo za Zabibu

Siku ya kugawa nguo za baba, kaka yangu alichukua suti nyeusi, baba mdogo akachukua saa ya mkononi na viatu vya kanisani, shangazi akachukua mablanketi. Mimi niliyemuuguza baba miezi minne nilibakiwa na mashati matano ya shambani, yenye madoa ya salfa na maji ya zabibu, ambayo hata muuza mitumba angeyaruka. Sikuyakataa. Niliyafunga kwenye kanga, nikajitwika kichwani mbele ya wote, na nilitembea polepole ili wanione vizuri.

Baada ya nguo likaja shamba. Ni ekari mbili na nusu kando ya njia ya kwenda Mvumi, mistari arobaini ya mizabibu ambayo baba aliipanda kwa mkono wake alipokuwa bado mwalimu. Zamani pale palikuwa pori. Sasa mji umelifuata shamba hadi mlangoni. Ukisimama mstari wa mwisho unaona mabati mapya ya bluu na mekundu, na kwenye kona ya mashariki wapima ardhi walishasimika bikoni, lile jiwe la saruji lenye namba, hata arobaini ya baba haijafika. Kaka hakuzunguka mbuyu. Alisema shamba likatwe viwanja, kila mtu apate chake, mambo yaishe.

Nikasema hapana.

"Atalilima nani?" kaka akauliza. "Wewe? Wewe huna muda hata wa kuchemsha chai."

Watu walicheka, na kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Nilikuwa mratibu wa mafunzo katika shirika moja pale mjini. Nilitoka nyumbani Nkuhungu kabla jua halijatoka na kurudi likiwa limezama. Na kazi yangu yenyewe, mtaona jinsi Mungu anavyopenda utani, ilikuwa kuwafundisha watumishi wa ofisi namna ya kupanga muda. Nilikuwa na makaratasi makubwa ya ukutani, kalamu za rangi nne, na maneno ya kufungulia semina ambayo watu wazima waliyaandika kwenye madaftari yao: maliza kazi kabla kazi haijakumaliza. Niliyaamini maneno yale kama mtu anavyoamini nambari yake ya simu.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikizima kicheko kwa kukohoa. Akatoa uamuzi: misimu miwili. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo alikuwa amenipa mwaka mmoja.

"Likisimama, utaendelea kulitunza," alisema. "Likikushinda, unasaini karatasi za viwanja bila neno."

"Sawa," nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Wengi walidhani ni ubishi tu. Ubishi ninao, sikatai, lakini haukuwa ubishi tu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampelekea baba chai shambani kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilimwomba mkasi wa kupogolea, na kila Jumamosi alinijibu neno moja: "Soma." Nikasoma. Nilisoma mpaka nikawa mtu wa kufundisha wengine, na sikuwahi kukata hata tawi moja la mzabibu wa baba yangu. Nililipenda lile shamba kwa wivu. Kuliona likigeuka kuwa mabati ya bluu kungekuwa jambo ambalo nisingewasamehe, na nisingejisamehe.

Baba hakuwa akipogoa peke yake. Kulikuwa na mama mmoja, Mgogo wa ng'ambo ya korongo, aliyefanya naye kazi tangu mizabibu ilipokuwa na urefu wa goti. Alikuja na mkasi wake mwenyewe, ameuviringisha kwenye kitambaa cha kitenge, na hakuna aliyewahi kuuazima. Nisimpambe. Alikuwa mkali, alikuwa na ugomvi wa miaka na jirani yake kuhusu mbuzi, na alipenda redio ya simu yake iwe na sauti ya kusikika hadi barabarani. Alikuwa na shamba lake la mtama, wajukuu watatu, mbuzi, kwaya ya akina mama, na zamu ya kupogoa kwa watu wengine wawili. Nilimkuta shambani mwishoni mwa Oktoba, msimu wa kupogoa ulipofika, ameshaanza bila kuniuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole na kufiwa."

"Asante. Mama, kwa wiki huwa unamaliza mistari mingapi?"

"Minane."

Nikapiga hesabu palepale kwenye simu. Mistari arobaini kwa minane, wiki tano. Wiki tano za kukata matawi! Na nilimwona kwa macho yangu, saa nne asubuhi ilipofika, anaufuta mkasi, anauviringisha, anaondoka, na mstari umebaki nusu. Mwili wangu wote ulisisimka kwa hasira ya kitaalamu. Kesho yake nilimshukuru kwa miaka yote aliyofanya kazi na baba, nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao kwamba sasa apumzike. Alinitazama kidogo. Akasema haya, akaenda zake.

Nilileta vibarua kumi na wawili. Niliwagawia mistari, nikawawekea chakula kulekule shambani wasipoteze muda kwenda kula, nikasimama mwanzo wa mstari na karatasi yangu nikiweka alama. Tulimaliza shamba zima kwa siku tatu. Wiki tano zimekuwa siku tatu! Nilipiga picha mizabibu yote imenyolewa sawasawa kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, nikaitupa kwenye kundi la familia kwenye simu, na chini yake nikaandika: muda ninao.

Yule mama alipita jioni ile na mbuzi wake. Alisimama nje ya uzio akatazama mistari yote arobaini, mmoja baada ya mwingine.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza!"

"Haya," akasema. "Februari si mbali."

Nilidhani ananipongeza.

Mtu asiyejua zabibu anahitaji kuelezwa jambo moja tu, na ndilo jambo ambalo mimi sikulijua. Mzabibu ukiukata leo, macho, vile vinundu vya kuchipulia vilivyobaki kwenye tawi, yanaamka, na kuanzia siku ile mti unahesabu. Baada ya miezi minne hivi unakuletea vichala. Hauhesabu mvua, hauhesabu mwaka. Unahesabu tangu mkasi. Mimi nilikuwa nimeikata mizabibu yote kwa siku tatu, kwa hiyo yote ikanijibu kwa siku tatu.

Iliiva kwa pamoja, katikati ya mvua. Wanunuzi hupokea kwa zamu, kila mkulima ana siku zake na idadi ya kreti zake, na hawaongezi hata ukilia. Gari lilikuja likachukua nilichoruhusiwa, likaondoka, na nyuma yangu bado kulikuwa na mistari zaidi ya thelathini inanitazama. Niliwatafuta vibarua wangu, nao walikuwa mashambani mwao wanapalilia, maana Februari kila mtu wa Dodoma yuko kwenye jembe lake. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Vichala vikapasuka. Nyuki wakaja, ndege wakaja, na ardhi chini ya waya ikawa inateleza na kunuka kama pombe iliyosahauliwa. Nilivuna peke yangu mpaka vidole vikavimba, na zaidi ya nusu ya jasho la baba yangu liliozea mtini. Nililia mle ndani ya mistari, na silioni kuwa jambo la kuficha.

Kaka alipata habari kabla sijazitoa mimi. Akaandika kwenye kundi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimjibu palepale: mkuu gani? Mkuu alinyamaza.

Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Yule mama alijua. Alisimama pale na mbuzi wake, akajua, akasema haya. Jumamosi iliyofuata nilinunua sukari na sabuni, nikapanda pikipiki ya baba, nikavuka korongo kwenda kumgombeza.

Nilimkuta uani anatwanga majani makavu ya mlenda. Tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi kwa mbukwenyi, nikaongeza shikamoo yangu. Nilitaka kuanza, lakini aliniwahi.

"Weka hapo mzigo. Shika ungo."

Nikashika ungo. Nikapepeta. Aliendelea kutwanga, nami nikasema yangu katikati ya kishindo cha mchi.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa unajua kitakachotokea!"

"Uliniambia, asante mama, kapumzike. Nikapumzika."

Alimimina unga mwingine kwenye ungo wangu, akaona bado nimenuna, akaweka mchi pembeni.

"Wewe kwako Nkuhungu una sufuria kubwa ngapi?"

"Moja."

"Ukimwita mgeni mmoja leo, mwingine keshokutwa, utawapikia?"

"Nitawapikia."

"Kila mstari unaoukata ni mgeni umemwalika. Wewe umeita wageni arobaini siku moja. Wakaja. Wageni wana kosa gani?"

Nilitazama ule unga wa kijani kwenye ungo, na nilijisikia mjinga kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya bosi yeyote.

"Kukata si kazi," aliendelea. "Yeyote mwenye mkono anakata. Kazi ni kile kitakachokurudia. Baba yako alikata minane kwa wiki kwa sababu gari linachukua minane kwa wiki. Umesoma wapi wewe?"

Watu nikiwasimulia habari hii huwa wanatikisa kichwa na kuniambia haraka haraka haina baraka. Nakataa. Methali hiyo haimhusu kabisa. Mkono wa yule mama kwenye mzabibu ulikuwa mwepesi kuliko wa kibarua yeyote niliyemleta, na nyumba yake ilikuwa na kazi saba ambazo zote zilitembea. Hakunifundisha kwenda polepole. Alinifundisha kwamba kazi ukiimaliza haiishi. Inakwenda mahali inakaa, kisha inarudi imekua, na mwenye akili anapanga siku za kurudi. Kwenye makaratasi yangu yote ya ukutani, kwa kalamu za rangi nne, sikuwahi kuandika jambo hilo hata mara moja.

Alikubali kurudi, kwa masharti. Hakuna vibarua. Nije mwenyewe, saa kumi na mbili kamili, na mkasi wangu. Simu ibaki kwenye pikipiki. Na saa nne ikifika yeye anaondoka hata kama umebaki mti mmoja.

Nilikwenda kazini kuomba likizo yangu ya mwaka niikate vipande, asubuhi tupu kwa wiki tano. Bosi alisema likizo huchukuliwa kwa pamoja. Nikamwambia mwaka huu nimejifunza hasara ya kuchukua vitu kwa pamoja. Hakuelewa, lakini nilikaa pale kwenye kiti mpaka akasaini.

Tukaanza mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinaaga. Wiki ya kwanza alinirudisha nyuma kila mti. Acha macho mawili, si matatu. Kata juu ya jicho, si kwenye jicho. Tawi la kwanza nililipima mara tatu kabla ya kukata, kwa kuwa nilikuwa nimelisubiri tangu siku za chai ya Jumamosi. Lilianguka miguuni pake. Aliliokota, akanipa mkononi, akahamia mti wa pili.

Saa nne zilinitesa. Tuko katikati ya mstari, mkono umeshachangamka, na yeye anaufuta mkasi wake.

"Mama, imebaki miti sita tu!"

"Ndiyo. Kesho nitajua pa kuanzia."

Mwanzoni niliumalizia mstari mwenyewe, kwa kiburi. Kisha nikagundua kwamba asubuhi inayofuata mimi ndiye ninayezunguka shambani nikijiuliza nianzie wapi, na yeye yuko tayari kwenye mti wake wa saba, redio inaimba. Wiki ya pili nilianza kuondoka saa nne. Iliniuma kama kuacha chakula mezani, lakini niliondoka.

Tatizo lilikuwa kukumbuka mstari upi ulikatwa wiki ipi. Baba aliziweka zote kichwani, na kichwa kilikuwa kimekwenda naye. Mimi nilitengeneza vibandiko vya karatasi ngumu vyenye namba na tarehe, nikavifunga kwa uzi kwenye nguzo, kazi safi kabisa. Mbuzi wa yule mama waliingia wakavila vyote. Hakuomba radhi. Alisema karatasi ni majani.

Siku iliyofuata nilikuja na yale mashati.

Nilikuwa nimeyafua na kuyapiga pasi. Moja la kaki, moja la mistari ya kijani, moja la drafti nyekundu, moja la bluu, na moja lililowahi kuwa jeupe. Nilimweleza: wiki ya kwanza kaki, ya pili kijani, ya tatu drafti, ya nne bluu, ya tano jeupe. Tunachana vitambaa, tunafunga kwenye nguzo ya kila mstari. Nilitoa kisu. Yule mama alirudi nyuma hatua moja.

"Nguo ya marehemu haichanwi."

"Nguo ya marehemu inagawiwa, mama. Hizi ni zangu, niligawiwa mimi. Wengine walichukua suti. Mimi nataka baba afanye kazi."

Nilidhani ataondoka na hata saa mbili haijafika. Kisha alichukua lile la kijani, akashika ukosi, akasema, "Hili alivaa siku tuliyofunga waya za kwanza." Akalitia meno kwenye pindo, likachanika mpaka juu. Tulifunga vitambaa mistari yote ya wiki ile, na upepo ulipopita vyote vilichezacheza. Nilimkumbuka sana baba siku ile.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mtiifu tangu hapo. Baada ya chipukizi kutoka, majani hunyunyiziwa salfa kwa siku maalumu ili yasipate ubwiri, ule unga mweupe unaokausha vichala vikiwa vidogo. Yeye alihesabu kwa hisia, mimi kwa simu. Juma moja kwaya yao ilialikwa Buigiri, akaenda, akarudi, na mistari ya kijani ikawa imepitisha siku zake.

"Mama, ya kijani ilitakiwa juzi."

"Majani yataniambia."

"Majani yakikuambia yatakuwa yameshaugua!"

Akanipuuza. Siku tatu baadaye mstari wa kumi na mbili uliota unga mweupe. Nilinunua salfa, nikapuliza mwenyewe, tukaokoa sehemu kubwa na kupoteza kidogo. Hakusema kwamba alikosea. Alikuja asubuhi iliyofuata, akautoa mkasi wake kitambaani, na bila kunitazama akauliza: "Simu yako inasema leo kaki ni siku ya ngapi?" Nililifurahia swali lile wiki nzima. Kuanzia hapo simu iliruhusiwa kuvuka uzio.

Ofisini pia nilibadilika, na si wote waliopenda. Zamani nilikuwa najibu barua zote saa mbili asubuhi, meza safi, kisha saa nane mchana majibu yote yanarudi kwa pamoja na mimi nabaki ofisini hadi giza nikijiita mchapakazi. Sasa nilituma kwa mafungu. Nikaanza kuondoka saa tisa na nusu, saa ya kutoka ya kila mtu, ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuifuata kwa sababu bosi alikuwa bado ndani. Mwenzangu mmoja aliniambia nina ujasiri wa mtu anayetaka kufukuzwa. Nilimwambia nina mistari arobaini. Yale maneno ya kufungulia semina niliyafuta, na mtu akiniuliza yalikwenda wapi namwambia yalioza Februari.

Mwishoni mwa Agosti kaki zikaanza kuiva, na ni kaki tu. Mistari minane, zamu yetu ya gari, kreti zetu, basi. Jumatano shamba liko kimya na zabibu za mistari ya kijani bado ni chachu mdomoni. Wiki iliyofuata kijani. Nilikuwa natembea kati ya nguzo na nataka kucheka peke yangu.

Wiki ya drafti ndipo kaka alipoitisha kikao. Aliandika kwenye kundi: Jumamosi, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa shangazi, ajenda ni moja, kusaini. Alikuwa ameshayasikia ya Februari na kwake yalitosha. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yetu ya gari. Nikajibu: Jumamosi ni drafti. Anayetaka kikao atanikuta shambani.

Akanipigia. "Kikao cha ukoo hakiahirishwi kwa sababu ya matunda!"

"Sijakiahirisha. Nimekihamisha."

"Unajua baba mdogo ana miaka mingapi?"

"Miguu anayo. Na viatu vya baba anavyo."

Nilikata simu. Nilijua wangeweza kukaa bila mimi na kuandika wanachotaka. Usiku wa kuamkia Jumamosi sikupata usingizi mzuri, lakini saa kumi na mbili nilikuwa kwenye mstari wa kumi na saba, na yule mama alikuwa mbele yangu kwa miti mitano.

Walikuja saa nne kasoro. Kaka alikuwa ametoka Dar kwa treni jana yake, amevaa ile suti nyeusi. Baba mdogo amevaa viatu vya baba na saa ya baba. Mkononi mwa kaka kulikuwa na bahasha ya kaki. Alitafuta mahali pa kuiweka, akaiona bikoni, lakini juu ya bikoni nilikuwa nimeweka ndoo ya maji ya kunywa, kama ninavyofanya kila siku. Akabaki nayo mkononi.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema. Sikuacha kukata.

"Marahaba. Njoo tukae."

"Gari linakuja saa tano na umebaki mstari mmoja na nusu. Gari likiondoka, nitakaa."

Baba mdogo akatazama saa ya marehemu. Na yule mama, aliyekuwa kimya kwenye mti wake, naye akalitazama jua, akashusha kichala chake kwenye kreti, akaufuta mkasi. Saa nne. Mama, nilitaka kumwambia, leo tu, leo hii tu, usiende. Lakini nilimjua. Alitoka kwenye mstari akichechemea kidogo, akafika mbele ya baba mdogo, akasimama.

"Mbukwenyi."

"Mbukwenyi, mama."

Hakuuviringisha mkasi. Alimnyooshea baba mdogo, mpini mbele.

"Shika. Nimembakizia mwanao nusu ya mstari wangu. Jumatatu nauchukua mkasi wangu."

Akaondoka, redio ikimfuata. Ule mkasi ambao hata baba yangu hakuwahi kuushika ulikuwa mkononi mwa baba mdogo, na alikuwa anautazama kana kwamba amepewa mtoto mchanga amshike.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi wangu sikuwapa hata dakika mbili. "Baba mdogo, kata kwenye kikonyo, usivute. Kaka, kreti tupu ziko pale, zisogeze." Kaka alifungua mdomo. Baba mdogo alikuwa ameshainama. Basi kaka akaiingiza bahasha kwenye mfuko wa ndani wa suti, akabeba kreti, na kreti ya pili ikammwagia maji ya zabibu kuanzia kiwiko hadi kwenye vifungo.

Tulifanya kazi bila kikao. Gari lilikuja, likapakia, likaondoka, na nyuma yetu hapakuwa na kichala hata kimoja cha drafti kilichobaki mtini. Kaka alizunguka shamba akitafuta ile harufu ya Februari. Hakuipata.

Baba mdogo hakuwa amepumzika. Alikuwa amevuka kwenda mistari inayofuata, mkasi mkononi, mpaka kwenye nguzo yenye kitambaa cha bluu. Alikishika. Alikigeuza upande ule wenye mshono wa mfuko, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Hili shati," akasema.

"Ndilo."

"Nilimnunulia mimi."

"Sikujua, baba mdogo."

Kaka aligusa mfuko wa suti penye bahasha, kisha akauacha mkono ushuke. Nikaona baba mdogo anainua mkasi, anashika kichala cha karibu, kikubwa, chekundu upande mmoja.

"Baba mdogo, hapo usikate," nikamwambia. "Hiyo ni ya wiki ijayo."

Mkono ukasimama. Akakiachia kichala taratibu, kikarudi kuning'inia mahali pake.

"Wiki ijayo siku gani?"

"Jumanne," nikasema. "Saa kumi na mbili. Usichelewe."